Saruji ya jino haishiki penye mate

WAHENGA walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mitaa yetu ya Eastlands, methali hii tunaikumbuka paa linapovuja, lakini tunaisahau linapokuja suala la meno. Jino likitoboka, wengi wetu kuanzia Dandora hadi Donholm husubiri mpaka maumivu yatukoseshe usingizi, kisha twaenda kwa daktari na ombi moja tu: "Ling'oe."

Ukimwuliza mtu kwa nini hakutaka jino lake lizibwe, jibu huwa lile lile. Atakwambia kuziba jino ni kutupa pesa, kwa kuwa kilichotiwa kitatoka baada ya miezi michache na mwishowe jino litang'olewa vivyo hivyo. Atakupa na mfano wa jirani aliyezibwa gego kabla ya Krismasi na kufikia Pasaka shimo likawa wazi tena.

Msomaji mpendwa, kwa maoni yangu lawama hii inaelekezwa pasipofaa. Mara nyingi saruji inayotumiwa na madaktari wa meno haina kosa. Kilichokosekana ni jino safi, jino kavu, na dakika chache za utulivu wakati saruji inaposhika. Mambo hayo matatu hayahitaji mashine za bei ghali. Yanahitaji daktari asiyeharakishwa na mgonjwa anayefahamu kinachofanyika mdomoni mwake. Ndiyo maana leo nitaeleza jinsi saruji hiyo inavyoshikana na jino, kisha niseme wazi ninalodai kutoka kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Nairobi.

Shimo lenye umbo la chungu

Kwa zaidi ya miaka 100 meno yamezibwa kwa amalgamu, ule mchanganyiko wa rangi ya fedha ambao takriban nusu ya uzito wake ni zebaki. Amalgamu ya kawaida haigandamani na jino hata kidogo. Hukaa humo kwa sababu daktari huchimba shimo ambalo chini ni pana kuliko juu, mfano wa chungu, hivi kwamba kikishaganda ndani hakina njia ya kutokea. Ni dawa iliyowafaa wazazi wetu, na wapo wazee wa Jericho na Maringo ambao bado wanatafunia amalgamu waliyotiwa miongo mingi iliyopita.

Ubaya wake ni kwamba, ili kupata umbo hilo la chungu, daktari hulazimika kukata hata sehemu ya jino ambayo haijaoza. Isitoshe, siku za amalgamu zinahesabika. Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka wa 2013 na ikauidhinisha mwaka wa 2023. Mnamo Novemba 2025, nchi wanachama zilizokutana Geneva zilikubaliana kwamba amalgamu ya meno ikomeshwe kufikia mwaka wa 2034. Kwa hivyo, tupende tusipende, meno ya watoto wetu yatazibwa kwa vitu vinavyotegemea kugandamana na jino. Ni heri tujue vinavyofanya kazi.

Somo kutoka kwa fundi wa pancha

Simama kando ya barabara umtazame fundi anayeziba pancha ya baiskeli. Kwanza hukausha tyubu. Halafu huikwaruza kwa msasa mpaka ule ung'avu uishe. Baadaye hupaka gundi na kungoja kidogo kabla ya kubandika kiraka, kisha hukikandamiza kwa nguvu. Akiruka hatua moja tu, utarudi kwake kesho ukisukuma baiskeli. Fundi wa ujenzi naye hapigi plasta juu ya ukuta laini wenye vumbi. Huuparuza kwanza, akaumwagia maji, ndipo plasta ipate pa kushika.

Jino nalo ni hivyo hivyo. Mwaka wa 1955, daktari wa meno wa Marekani aitwaye Michael Buonocore alichapisha wazo alilolipata kutoka viwandani, ambako vyuma vilikuwa vikioshwa kwa asidi ya fosforasi ili rangi ishike vizuri. Alijaribu asidi hiyo juu ya enameli, yaani lile gamba gumu la nje la jino, na akaona kwamba plastiki iliyopakwa baadaye ilishika kwa muda mrefu zaidi. Sababu ni kuwa asidi hutoboa enameli vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Plastiki ya majimaji huingia humo, ikagandia ndani kama mizizi.

Hii ndiyo njia ya kujaza jino kwa kompositi, ile dawa yenye rangi ya jino ambayo daktari huigandisha kwa taa ya mwanga wa buluu. Siku hizi asidi hupakwa kwa muda mfupi tu, aghalabu sekunde 15 hadi 30, kisha huoshwa. Enameli huipokea vizuri kwa kuwa takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Chini ya enameli kuna dentini, na huko kazi ni ngumu zaidi kwa sababu ina maji na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Ikikaushwa kupita kiasi baada ya kupakwa asidi, nyuzi hizo hulala chini na plastiki hukosa mahali pa kupenya. Ikiachwa na maji mengi, plastiki haishiki. Basi kompositi ni kazi ya mkono mtulivu, na pia inahitaji umeme usiokatika.

Saruji inayoshikana na jino yenyewe

Kuna njia nyingine ambayo, nionavyo mimi, ndiyo inayotufaa zaidi. Mwaka wa 1968 mtaalamu wa Uingereza, Dennis Smith, alitengeneza saruji ya kwanza ya meno iliyoweza kushikana na jino kwa kemia. Muda mfupi baadaye, Alan Wilson na Brian Kent, waliofanya kazi katika maabara ya serikali mjini London, walivumbua saruji ya glasi-ionoma ambayo ilitangazwa kwa madaktari mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Saruji hiyo ni unga wa kioo maalumu uliochanganywa na asidi hafifu iliyo ndani ya maji. Molekuli za asidi hiyo ni ndefu kama mnyororo, na kila pingili ina mkono wake. Mikono mingine hushika madini yanayotoka katika unga wa kioo, na hapo saruji hugumu. Mingine hushika kalsiamu iliyo katika jino lenyewe. Kwa njia hiyo saruji na jino hufungamana bila kuhitaji shimo la umbo la chungu, wala taa, wala kukata sehemu iliyo nzima. Jambo jingine la faida ni kwamba saruji hiyo hutoa floridi kidogo kidogo, madini yale yale yaliyomo katika dawa ya meno.

Si mimi tu ninayeisifu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji ya glasi-ionoma katika Orodha ya Dawa Muhimu mwaka wa 2021. Maana yake ni kwamba ni miongoni mwa vitu ambavyo mfumo wa afya wa nchi yoyote unatarajiwa kuwa navyo.

Adui ni mate

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo. Mikono ile ya asidi ikikuta mate, damu, au mabaki ya chakula juu ya jino, hushika uchafu huo badala ya jino. Mate yana protini ambazo hutandaza utando mwembamba juu ya jino kwa muda wa sekunde chache tu. Jino lililokwisha kusafishwa kwa asidi na kukaushwa, likiguswa na mate mara moja, sharti lisafishwe tena upya. Hapo ndipo penye siri ya jino la yule jirani lililofunguka kabla ya Pasaka. Huenda alifunga mdomo katikati ya kazi. Huenda foleni ilikuwa ndefu na pamba iliyolowa haikubadilishwa. Huenda alitoka hapo akanunua mahindi ya kuchoma kituoni akingoja matatu.

Kwa hivyo, ewe msomaji, ukilala katika kiti cha daktari wa meno, kumbuka haya.

Kwanza, uliza unatiwa nini. Ni haki yako kujua kama ni saruji ya kudumu au ya muda. Ile ya muda, mara nyingi yenye harufu ya karafuu, hutuliza maumivu lakini haigandamani na jino. Ukiambiwa urudi baada ya wiki mbili na usirudi, usishangae ikitoka.

Pili, ikiwa umekuwa ukijitibu nyumbani kwa karafuu au mafuta yake, mwambie daktari. Kiini cha karafuu kiitwacho yujenoli huweza kuizuia kompositi isigumu vizuri. Daktari akijua ataosha jino ipasavyo au atachagua saruji nyingine.

Tatu, pamba iliyo shavuni ikilowa chepechepe, inua mkono. Daktari mwema hatakasirika. Ikiwa anayo karatasi ya mpira ya kuliziba jino lisiguswe na mate, ikubali hata kama inakubana kidogo.

Nne, mweleze ulikolelewa. Wengi wetu Eastlands tulizaliwa Nakuru, Naivasha au sehemu nyingine za Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi, na meno yetu yana madoa ya kahawia. Enameli ya namna hiyo hustahimili asidi kuliko ya kawaida, kwa hivyo huenda ikahitaji kutayarishwa kwa muda mrefu zaidi ndipo plastiki ishike.

Tano, ukishatiwa glasi-ionoma, usile chochote kwa angalau saa moja. Saruji hiyo hugumu kwa dakika chache, lakini huendelea kukomaa kwa saa nyingi baadaye. Siku hiyo miwa na mifupa iache kabisa.

Kuna jambo moja zaidi linalonitia wasiwasi. Wapo watu ambao kofia ya jino ikitoka huibandika wenyewe kwa ile gundi kali ya tyubu ndogo inayouzwa kando ya barabara. Tafadhali usifanye hivyo. Gundi hiyo haikutengenezewa mdomo. Inaweza kuunguza ufizi, kuifunga kofia ikiwa imekaa upande, na kufungia uozo ndani. Iweke kofia yako katika chombo safi uende nayo kwa daktari. Aghalabu anaweza kuisafisha na kuirudisha kwa saruji ifaayo.

Njia iliyoanzia Tanzania

Huenda ukauliza: haya yote yatawezekanaje katika zahanati ya mtaani ambako maji ya mfereji hupatikana kwa zamu na umeme hupotea bila taarifa? Jibu lilipatikana kwa majirani zetu. Katikati ya miaka ya 1980 huko Tanzania, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno katika mazingira yasiyo na umeme wala maji ya bomba. Badala ya mashine ya kukereza, walitumia vyombo vya mkono, kama kijiko kidogo chenye makali, kukwangua sehemu iliyooza na kulainika. Kisha walijaza shimo kwa saruji inayogandamana na jino. Aprili 7, 1994, siku ambayo Siku ya Afya Duniani ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu mzima.

Kazi yenyewe ni rahisi kuifahamu. Mgonjwa anaweza kulala juu ya meza ya kawaida, hata darasani. Uozo hukwanguliwa, mara nyingi bila sindano ya ganzi. Jino husafishwa kwa asidi hafifu kwa sekunde 10 hadi 20, likaoshwa kwa pamba yenye maji na kukaushwa kwa pamba nyingine. Saruji hukorogwa na kutiwa, kisha daktari huikandamiza kwa kidole chenye glavu kilichopakwa vaselini ili ipenye kila pembe. Hakuna kelele ya mashine, jambo ambalo wazazi wenye watoto waoga watalifurahia.

Lakini sitaki kukuficha udhaifu wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Arthur Kemoli, waliwafuatilia watoto 804 wa shule za Machakos waliozibwa kwa njia hii kwenye meno ya utotoni, katika mashimo yaliyo kati ya jino na jino. Matokeo yaliyochapishwa miaka ya 2009 na 2010 yalionyesha kuwa baada ya miaka miwili ni takriban thuluthi moja tu ya saruji hizo zilizokuwa bado imara. Wapo waliosema basi njia hii haifai. Mimi nasoma jambo jingine humo. Mashimo ya kati ya meno ndiyo magumu zaidi kuzibwa. Yale ya juu ya gego hushika vizuri zaidi. Na katika utafiti huo huo, waliowekewa karatasi ya mpira ya kuzuia mate walipata matokeo bora kuliko waliowekewa pamba pekee. Tunarudi pale pale: ukavu ndio uliopungua.

Gego la miaka sita

Mzazi wa Eastlands ana sababu ya pekee ya kulitilia jambo hili maanani. Mtoto akifikia umri wa miaka sita hivi, gego jipya huota nyuma kabisa ya meno ya utotoni. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kulipisha, wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni na litang'oka lenyewe. La hasha! Gego hilo ni la maisha. Likiharibika na kung'olewa akiwa na miaka 10, halitaota jingine.

Juu ya gego hilo mna mifereji mirefu ambamo sukari ya peremende na biskuti hujificha, mahali ambapo mswaki haufiki. Saruji ile ile ya glasi-ionoma inaweza kukandamizwa kwa kidole juu ya mifereji hiyo kabla haijaoza, ikaifunika. Hii ndiyo maana halisi ya kuziba ufa. Fungua mdomo wa mwanao leo jioni, uhesabu. Ukiona gego la nyuma lenye weusi katika mifereji, usingoje alie usiku.

Wajibu wa Kaunti

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne nchini, na mtu mzima mmoja kati ya watatu, alikuwa na meno yaliyooza. Hao ni watu wengi mno kuachiwa hospitali chache kubwa. Mkazi wa Ruai au Kayole hastahili kupoteza siku nzima ya kibarua akienda Kenyatta au kupiga foleni Mama Lucy Kibaki kwa sababu ya shimo dogo ambalo lingezibwa karibu na kwake.

Tangu mwaka wa 2013 zahanati na vituo vya afya vimekuwa mikononi mwa kaunti. Nairobi ina chuo kikuu kinachofunza madaktari wa meno, na Chuo cha Mafunzo ya Matabibu, KMTC, hufunza maafisa wa afya ya kinywa. Vyombo vya mkono huchemshwa na kutumiwa tena na tena. Saruji ni unga na maji ya chupa ndogo. Sioni sababu ya kituo cha afya cha mtaani kutoa tu huduma ya kung'oa.

Nawaomba wakuu wa Kaunti wafanye mambo mawili. Waweke saruji ya glasi-ionoma na vyombo vyake katika kila kituo chenye afisa wa afya ya kinywa, pamoja na msaidizi wa kubadilisha pamba, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kukoroga saruji na kuzuia mate kwa wakati mmoja. Pia wawapeleke maafisa hao katika shule za msingi za Eastlands angalau mara moja kwa mwaka kufunika magego ya watoto wa darasa la kwanza na la pili. Wasiwape maafisa hao idadi ya meno ya kumaliza kwa siku. Saruji iliyotiwa mbio mbio itatoka, na lawama zitarudi kwa saruji.

Nasi wakazi tuna wajibu wetu. Tuwaepuke wale wanaotibu meno vichochoroni bila cheti. Tuende mapema, jino linapoanza kusisimka kwa chai moto au maji baridi, kwa kuwa saruji haina msaada kwa jino ambalo uozo umefika kwenye neva. Tufungue mdomo na tuvumilie zile dakika chache za ukavu. Gego likishang'olewa huwezi kulirudisha, lakini lililozibwa likiwa kavu laweza kukutafunia mahindi na njugu kwa miaka mingi.